Kifyatulio cha bunduki: anza na uchafu kabla ya pesa

Bunduki yangu ya kwanza hapa Pennsylvania niliinunua mtumba kwa dola 320, ya bolti (ile komeo unayoivuta na kuisukuma kwa mkono kupakia kila risasi), kaliba .243, nikijiandaa na msimu wa kulungu. Siku ya kwanza uwanjani, kwa yadi 100, risasi zangu tano zilitawanyika upana wa sahani ya pilau. Nikalaumu darubini, kisha nikalaumu risasi kwamba ni za bei rahisi. Mzee mmoja mwenyeji aliyekaa meza ya pili akaniomba kitu kimoja tu: nigeuze uso pembeni, anipakilie yeye. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu nilipovuta hakukuwa na mlio wowote, maana alikuwa ameniwekea risasi bandia, na mbele ya macho yangu mtutu ukashuka na kupinda kulia bila baruti yoyote ya kuusukuma.

Halafu akatoa kwenye mkoba wake mizani ya kupimia samaki, ile yenye ndoano, akaitia kwenye kifyatulio na kuvuta taratibu. Ikasoma paundi 6 na nusu, karibu kilo 3. Bunduki nzima pamoja na darubini yake ilikuwa na kilo 3 na nusu. Fikiria hapo: kidole kinalazimika kuvuta uzito unaokaribia uzito wa kitu kizima ambacho mikono inajaribu kukituliza. Lazima kitayumba.

Nimeandika haya kwa ajili yako unayeanza, mwenye bunduki ya bei ya kawaida na familia ya kulisha, ambaye kila anayemuuliza anamwambia anunue kifyatulio kipya cha dola 150 na zaidi. Huenda utakihitaji. Lakini mimi nilitumia chini ya dola 50, na bunduki ileile leo inaweka risasi tano ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100.

Kabla ya yote, hakikisha sheria inakuruhusu. Hapa Marekani mwenye green card anaweza kumiliki bunduki, lakini aliyeingia kwa visa ya muda kwa kawaida haruhusiwi kuishika wala kununua risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa na sheria, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Usiamini maneno ya dukani. Muulize mwanasheria wa uhamiaji. Kama uko Kenya au Tanzania, mpelekee bunduki fundi mwenye leseni na umweleze unachotaka, usiifungue mwenyewe. Na popote ulipo, usiguse kitu chochote kitakachofanya bunduki itoe risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja. Hicho ni kifungo.

Sasa tuelewane juu ya kifyatulio kizuri. Wengi wanadhani kizuri ni chepesi. Kizuri ni kile unachojua kitaachia wakati gani. Ukivuta polepole utahisi mambo matatu. Kwanza kuna mwendo mtupu wa mwanzo, ambao kwenye bunduki nyingi za jeshi za zamani uliwekwa makusudi na hauna ubaya. Kisha unafika ukutani. Hapo ndipo penye shida: kifyatulio kibaya kinaanza kusogea na kukwaruza, kinakwama, kinasogea tena, na hujui kitaachia lini, kwa hiyo mwili unajikaza kungoja mlio. Mwisho, baada ya kuachia, kidole kinaendelea kurudi nyuma na kuupiga mtutu kando. Kifyatulio cha paundi 4 kinachokatika kama kijiti cha njiti ya kiberiti ni bora mara nyingi kuliko cha paundi 2 kinachokwaruza. Wapiga shabaha wa mezani wanashuka hadi aunsi chache tu, lakini wao wanapakia risasi moja moja, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga. Wewe unatembea msituni Novemba umevaa glovu, unapanda jukwaa la juu ya mti. Usishuke chini ya paundi 3.

Haya, kazi. Toa risasi zote ndani ya bunduki na uzipeleke chumba kingine kabisa, si kwenye droo ya meza ileile. Toa bolti, angalia chemba, lile tundu inamokaa risasi, kwa macho, kisha ingiza kidole. Nimefanya hivi mara nyingi mno na bado ninaingiza kidole kila mara.

Bunduki nyingi za bolti zinashikwa na kitako kwa skrubu mbili chini. Zifungue, na chuma chote kitainuka kama treya kutoka kwenye mti au plastiki yake. Hapo utaona kiboksi kidogo nyuma ya chemba: humo ndimo kifyatulio kinamokaa. Usikifungue hicho kiboksi. Chukua tochi uchungulie tu. Mimi niliona kitu cha rangi ya asali kimeganda kwenye kona, nikakigusa kwa kijiti cha meno, kikavutika kama ulimbo wa kutegea ndege. Ilikuwa oili. Mwenye bunduki wa kwanza alikuwa akiinyunyizia miaka nenda rudi akidhani anaitunza, na oili ikashika vumbi, nyuzi za nguo na mabaki ya baruti, ikakauka. Vipande viwili vya chuma vilivyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine vilikuwa vinajikokota kwenye gundi.

Nilinunua kopo la mafuta ya kiberiti, yale mepesi ya kujazia viberiti vya chuma, dola 5. Nikaenda barazani mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka, nikamimina ndani ya kiboksi hadi yakawa yanatoka meusi upande wa pili. Nikavuta kifyatulio na kukiachia mara kadhaa, nikamimina tena mpaka yakatoka meupe. Kisha nikapuliza kwa hewa ya kopo na kuacha pakauke saa nzima. Sikurudishia oili ndani. Vifyatulio vingi vya bolti vinafanya kazi vikiwa vikavu, na kama kitabu cha bunduki yako kinataka tone la mafuta, liwe tone kweli, mepesi, si mnyunyizo. Nilipopima tena ilikuwa paundi 5 na robo, na ule mkwaruzo ukawa umepungua zaidi ya nusu.

Kupima nako kuna namna yake. Nunua kipimo cha springi cha dola 25 hivi, au azima mizani ya samaki kama hukitaki. Weka ndoano katikati ya upinde wa kifyatulio, palepale kidole kinapokaa, vuta ukielekea nyuma moja kwa moja, polepole. Fanya mara kumi na uandike zote. Wastani ni muhimu, lakini angalia zaidi tofauti kati ya kubwa na ndogo. Zikitofautiana kwa paundi nzima, bado kuna uchafu au kitu kimechakaa, na kupunguza uzito hakutaponya hilo.

Baada ya usafi ndipo ufikirie skrubu. Bunduki nyingi za bei nafuu za siku hizi zimekuja na kifyatulio cha kurekebisha, na wenye nazo hawajui. Ruger American, kwa mfano, inarekebishika kati ya paundi 3 na 5, na inatosha kutoa kitako na kugeuza skrubu moja kwa alenki ndogo. Kiwanda cha Savage nacho kina AccuTrigger yake, yenye ulimi mwembamba katikati, inayokuja na kifaa chake cha kurekebishia. Jino linaloshikilia pini, kile chuma kinachogonga risasi, likiachia bila ule ulimi kuvutwa, pini inazuiwa isifike kwenye risasi. Soma kitabu. Kimepotea? Viwanda vingi vinaviweka bure kwenye tovuti zao.

Baadhi ya vifyatulio vina skrubu tatu, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Moja ni ya uzito, inabana au kulegeza springi. Nyingine inazuia kidole kisirudi nyuma sana. Ya tatu inaamua kiasi gani cha jino kinashikilia pini isiruke, yaani kiasi gani cha chuma kinasimama kati yako na mlio. Hiyo ya tatu iache ilivyotoka kiwandani. Ukiona skrubu imefunikwa na rangi au gundi, aliyeifunika alikuwa na sababu.

Mimi mwenyewe niligusa. Baada ya kufika paundi 4 nilitaka raha zaidi, nikageuza robo moja hapa, robo nyingine pale, hadi kidole kilipogusa tu kikaachia. Nilifurahi jioni nzima. Kesho yake nikafunga bolti kwa nguvu, kama unavyofunga ukiwa na haraka ya risasi ya pili, na nikasikia "tak!" Pini ilikuwa imeruka yenyewe, kidole changu kikiwa mbali. Chemba ilikuwa tupu, na mtutu ulielekea kwenye ukuta wa zege wa chumba cha chini. Lakini nilikaa pale kwenye ngazi kwa muda mrefu nikiwafikiria watoto waliolala juu yangu.

Kwa hiyo kila ukigusa chochote, hata ukisafisha tu, fanya majaribio haya bunduki ikiwa tupu. Fungua bolti na uifunge kwa nguvu mara ishirini, ili kila mara pini ikazwe tayari kuruka. Isiachie hata mara moja. Pini ikiwa imekazwa na sefti, yaani kizuizi cha usalama, imetolewa, ipige kitako na pande zote kwa nyundo ya mpira, na uidondoshe kwa kitako juu ya zulia nene kutoka kimo cha sentimita thelathini. Kisha weka sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, toa sefti: isiachie. Rudia mara kumi. Ikishindwa jaribio moja, ongeza uzito na uanze upya. Ikishindwa tena, iache mikononi mwa fundi bunduki, na hakuna aibu hapo.

Kuna kisa kinachojulikana kinachoonyesha jinsi jambo dogo linavyotosha. Mwezi Aprili 2014 kiwanda cha Remington kiliita zirudishwe bunduki zao za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia 2006. Sababu waliyoitaja ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha, ambayo ingeweza kufanya bunduki ifyatuke bila kukusudiwa. Ukitaka kufunga skrubu kwa gundi, tumia kiasi cha kichwa cha pini, nje tu. Na kama umenunua Remington ya mtumba ya miaka hiyo, tafuta kwanza kama ilirekebishwa, kabla hujaipeleka popote.

Springi mbadala ni hatua inayofuata. Nilinunua yangu kwa dola 12, imetengenezwa kwa ajili ya modeli yangu hasa, na ndiyo iliyonifikisha paundi 3 na nusu kwa usalama baada ya kurudisha skrubu mahali pake. Utasikia wanaokata mzunguko mmoja wa springi ya kiwandani kwa koleo. Usikate. Iliyokatwa hairudi, na ncha yake inakwaruza ndani.

Kuhusu kupiga msasa au tupa kwenye meno ya kifyatulio, sina maneno mengi: usifanye. Nyuso zile zimegumishwa juu juu tu, na pembe yake ndiyo inayoshika. Ukiila ile ngozi ngumu, itakuwa laini na nzuri kwa wiki chache, halafu chuma laini cha chini kitachakaa siku usiyoijua.

Kifyatulio kipya kinastahili pesa zako pale majaribio yanapoendelea kushindwa, au bunduki haina skrubu na inabaki juu ya paundi 5 hata ikiwa safi. Timney wa Arizona wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1946, na TriggerTech wa Kanada wanatumia rola ndogo kati ya meno ili vitu vibingirike badala ya kukwaruzana. Ukiwa na Ruger 10/22 ya .22, kiwanda chenyewe kinauza BX-Trigger ya paundi 2.75, inayoingia kwa kutoa vipini viwili tu vinavyoshikilia ile ya zamani.

Lakini kabla ya hapo, fanya zoezi ambalo halina gharama. Kila jioni, bunduki tupu, weka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, lenga doa ukutani, vuta mpaka iachie. Sarafu isidondoke. Mvuto ishirini, basi. Bunduki nyingi za kisasa za risasi kubwa hazidhuriki kwa kufyatuliwa kavu, ila .22 nyingi pini yake hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo weka risasi bandia, au ile plagi ya plastiki ya njano ya kutia ukutani, namba 4, ambayo inaingia vizuri kwenye chemba ya .22.

Ukirudisha kitako, kaza skrubu zake kwa kipimo kilicho kwenye kitabu, kisha nenda uwanjani ukalenge upya, kwa sababu risasi zitakuwa zimehama.

Na wiki moja kabla ya msimu, fanya jambo la mwisho. Funga bunduki tupu kwenye boksi lake kwa kufuli, iache usiku kucha kwenye karakana isiyo na hita. Alfajiri vaa glovu zilezile za kuwindia, itoe, pima mara kumi, rudia majaribio ya bolti na sefti. Ya kwangu mwaka jana ilisoma paundi 3 na nusu ndani ya nyumba, na paundi 3 na nusu kwenye baridi iliyogandisha maji ya ndoo pale karakana. Hapo ndipo nilipochukua kalamu, nikaandika tarehe kwenye kifuniko cha boksi, nikaenda kununua leseni.