Mtoto wa mwaka na nusu na MRI ya kichwa: midazolamu au ketamini?

Dada, umeuliza kati ya dawa mbili za kumlaza mtoto atulie kwenye kipimo, midazolamu na ketamini, umkubalie daktari ipi, na kama ni sawa mama mkwe kumpa mtoto sirapu ya mafua njiani afike kalala. Mimi ni muuguzi wa usingizi, huu mwaka wa tisa nakaa na watoto chumba cha mashine, kwa hiyo nitasema nilichoona.

Kwanza ni mashine yenyewe. CT, ile ya eksirei na kompyuta, ni dakika chache tu. MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, ni nusu saa na kuendelea, inagonga kama mafundi bati, na mtoto akigeuza shingo picha zinakuwa ukungu, mnaanza upya.

Midazolamu inaondoa hofu zaidi ya kulaza. Kwa CT inatosha. Ya puani inashika kwenye dakika kumi, ila inawasha, atalia. Kuna watoto inawageuza kabisa. Wa miaka mitatu mmoja alicheka, akalia, akataka kuning'ata, tukakunja vifaa, siku ikapotea. Uzuri wake ina dawa ya kuizima, flumazenili.

Ketamini naiheshimu. Mara nyingi inamwacha mtoto akipumua mwenyewe, na hospitali nyingi za kwetu inapatikana. Lakini kwenye MRI inasumbua: mkono unajinyoosha wenyewe, mate yanajaa, na wakati wa kuamka wengine huweweseka au kutapika.

Angekuwa wangu ningeomba propofoli. Dakika moja kalala, ukizima pampu inayoiingiza mshipani anaamka upesi. Tatizo, inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo bila mtaalamu wa usingizi, oksijeni na vifaa visivyovutwa na sumaku, usikubali. (Mtungi wa chuma ukiingia mle unaruka kama kombora.) Deksmedetomidini ya puani nayo ni nzuri, usingizi wake unafanana na wa kawaida, ila hukawia na hupunguza mapigo ya moyo, na si kila mahali ipo. Klorali haidreti ya zamani ni chungu, wengi huitapika, na haitoki mwilini haraka: mtoto anaweza kusinzia tena kwenye gari, kidevu kikaanguka kifuani, hewa ikaziba.

Sirapu ya mama mkwe, hapana. Nyingi za kusinzisha zina promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, au ndugu zake. Marekani promethazini ina onyo kali tangu 2004, asipewe mtoto chini ya miaka miwili, maana imewahi kuzima pumzi. Halafu sisi tunaongeza yetu juu yake bila kujua.

Chakula na maziwa ya kopo visimame muda wa saa 6 kabla ya kulazwa, maziwa ya mama muda wa saa 4, maji muda wa saa 2. Uji wa "kidogo tu" ndio unaotuharibia asubuhi nyingi. Kama ana dawa ya degedege usiikatishe kienyeji, waulize aipewe saa ngapi. Kama anakoroma usiku, sema. Akiamka na mafua na kifua, piga simu kabla hamjapanda gari, watakupa tarehe nyingine.