Wasomaji Wanauliza: Mkono wa Kuchimbia Nyuma ya Trekta Dogo

SWALI: Mhariri, nina trekta dogo la mtumba kutoka Japani, lenye nguvu za farasi 24, ambalo hulitumia kulimia na kuvuta tela. Huku kwetu watu wanajenga kila kukicha, na majirani wananiomba niwachimbie misingi na mitaro ya mabomba. Fundi mmoja yuko tayari kunitengenezea mkono wenye kijiko, ufungwe kwenye mikono mitatu ya nyuma pale ninapofunga jembe, na anasema hakuna haja ya fremu nyingine. Je, trekta litahimili? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, tunakusihi usimlipe fundi huyo hata malipo ya awali mpaka akubali kutengeneza na fremu. Trekta dogo halina chesisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na mnyororo huo ndio unaobeba mzigo wote. Jembe huvuta kuelekea nyuma tu, na trekta liliundwa kwa ajili ya mvuto huo. Kijiko, kwa upande wake, huvuta, husukuma, huinua na kupinda kwa wakati mmoja, na kinaponasa kwenye mzizi wa mwembe nguvu inayorudi kwenye trekta inaweza kuzidi tani moja. Nguvu hiyo ikipitia kwenye pini tatu pekee, huishia kwenye chuma cha kusubu ambacho hakipindi bali hupasuka. Dalili ya kwanza huwa ni mafuta yanayochuruzika kwenye maungio ya nyumba ya klachi; ukiyafuta kwa kitambaa na kumulika tochi, utaona ufa mwembamba kama unywele ukianzia kwenye tundu la bolti. Ufa huo hauchomelewi kirahisi, na vipuri vya trekta la mtumba si vya kuokota.

Hatari ya pili ni kwako wewe mwenyewe, nayo inatutia hofu zaidi. Mikono ile ya nyuma ina uwezo wa kuinua tu, haikandamizi chini. Kwa hiyo unapokisukuma kijiko ardhini kwa nguvu, kifaa chote huweza kuinuka pamoja na kiti chake ulichokalia, na fimbo ya juu, yaani ule mkono wa tatu ulio juu ya miwili mingine, ikikatika au pini yake ikichomoka, kifaa hujikunja kuelekea kwenye trekta na kukubana kati yake na kiti cha dereva au nguzo za kinga. Yamekwisha kutokea maafa ya aina hiyo, na wala hayahitaji mwendo kasi wala uzembe mkubwa.

Fremu tunayoizungumzia ni mihimili miwili ya chuma inayopita chini ya trekta, ikafungwa kwenye ekseli ya nyuma na kuendelea mpaka mbele, kwenye mabano yanayobeba koleo la mbele kama unalo. Mkono wa kuchimbia hufungwa kwenye mihimili hiyo, na nguvu ya kuchimba hugawanyika katika urefu wote wa trekta. Ni vyema zaidi ununue mkono uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya toleo la trekta lako, ukiwa na fremu yake, hata kama itakubidi usubiri.

Ukishaufunga, usichimbe kabla ya kushusha koleo la mbele likae ardhini na miguu ya pembeni isimame juu ya vipande vya mbao ngumu, kwa maana mchanga wa Kigamboni humeza mguu mtupu. Miguu hiyo ibebe uzito mwingi wa nyuma lakini matairi yaendelee kugusa ardhi. Breki ya kuegesha ivutwe na gia iwe huru. Chimba kwa kuvuta mkono kuelekea kwako katika tabaka jembamba, ukikunja kijiko taratibu. Anayekifukia chote kwa mkupuo mmoja huishia kuburuza trekta. Usikitumie kijiko kufagia udongo kwa kukipeleka kushoto na kulia, kwani pini na silinda za kuzungushia hazikuundwa kwa kazi hiyo. Grisi ipakwe kwenye kila pini kabla ya kuanza kazi, kila siku.

SWALI: Mkono wangu hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini baada ya muda mafuta ya haidroliki hupata moto na nguvu hupungua. Tatizo ni nini? — Msomaji, Chanika

JIBU: Angalia kwanza njia ya kurudishia mafuta. Mafundi wengi hurudisha mafuta kwa kupitia tundu dogo au vali ya kifaa kingine, nayo yakibanwa huko hugeuka joto. Njia hiyo iwe pana na iende moja kwa moja kwenye tangi. Ikiwa bado yanachemka, pampu ya trekta pengine ni ndogo kwa mkono ulionao, na dawa yake ni pampu ya pekee inayoendeshwa na shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa, kwa mizunguko 540 kwa dakika, yenye tangi lake na chujio lake. Shafti hiyo isizunguke bila kifuniko chake. Kaza pia uangalifu kwenye mipira inayopitisha mafuta: ukihisi uvujaji, usiupapase kwa kiganja, bali pitisha kipande cha boksi. Mafuta yenye presha hutoboa ngozi kupitia kitundu kisichoonekana, na aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu.

SWALI: Tunataka kuchimba shimo la maji taka lenye kina cha mita 3 kwa trekta dogo, kisha vibarua waingie kusawazisha kuta. Inawezekana? — Msomaji, Bunju

JIBU: Mikono mingi ya matrekta ya kiasi hicho hufika takribani mita 2 chini, kwa hiyo kwa shimo lenu kodini mtambo mkubwa kwa siku moja. Msijaribu kuongeza kina kwa kusogeza trekta ukingoni wala kwa kuchimba chini ya miguu yake. Ukingo ukikatika, trekta hufuata.

Kuhusu vibarua, jibu letu ni kwamba asiingie mtu. Kanuni za Marekani hutaka kuta za mtaro zikingwe mara kina kinapofikia mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba imara, na mchanga wa pwani yetu ni hafifu kuliko udongo mwingi, hasa wakati wa masika ambapo maji huwa karibu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi ina uzito wa karibu tani mbili. Aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kupumua, japokuwa kichwa chake kiko nje. Kuta zilazwe kwa mteremko au zikingwe kwa mbao na nguzo, ngazi iwekwe, na kifusi kiwe mbali na ukingo kwa sentimita 60 au zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake, na kibarua wa siku moja ni mtu wake pia.

Kabla ya yote, waulizeni DAWASA na TANESCO kuhusu mabomba na nyaya zilizopita kiwanjani, kisha waulizeni na wenyeji wa mtaa, kwa kuwa mabomba mengi ya majumbani yamefukiwa bila ramani yoyote. Mnapoona mchanga uliowahi kuchimbuliwa au utepe wa tahadhari, zimeni mtambo na mwendelee kwa koleo la mkono mpaka kilichofukiwa kionekane chote.