Zoo au Tierpark? Shangazi anajibu kuhusu bustani mbili za wanyama za Berlin

Shule zikikaribia kufungwa, swali hili hunijia kwa sura nyingi. Berlin ina bustani mbili kubwa za wanyama, Zoo upande wa magharibi na Tierpark upande wa mashariki, na familia nyingi zina siku moja tu na mfuko mmoja. Nimechagua barua chache za safari hii.

Shikamoo Shangazi. Tunatoka Hannover Jumamosi, tunarudi Jumapili. Mtoto wa kwanza ana miaka 9, wa pili 4. Twende ipi? (Mama wa wawili)

Marahaba mwanangu. Nendeni Zoo, wala usiumize kichwa.

Mnashuka treni stesheni ya Zoologischer Garten, mnavuka uwanja wa Hardenbergplatz, na lango hilo hapo. Eneo lake ni hekta 33 hivi, na wanyama wamekaa karibu karibu, kwa hiyo huyo wa miaka 4 atakuwa anaona kitu kipya kabla hajaanza kulia njaa. Tierpark ni hekta 160. Kule, kati ya mnyama na mnyama kuna miti, nyasi na njia inayokwenda tu; mdogo wako atakuwa mabegani mwa baba yake kabla hamjamfikia twiga.

Anzeni na jumba la viboko asubuhi, watu wakiwa bado wachache. Sisi kiboko tunamjua kwa masikio na pua juu ya maji, na kwa hadithi za wavuvi waliopinduliwa mitumbwi. Pale bwawa lina ukuta wa kioo, unamwona mwili mzima akitembea chini ya maji, mzito lakini hana haraka, hata mtu mzima anasimama akasahau alichokuja kufanya. Kisha nendeni kwa masokwe na magorila mkamwangalie Fatou. Ni gorila jike aliyefika Berlin mwaka 1959 akiwa mtoto, na Aprili 2025 walimsherehekea kutimiza miaka 68. Hakuna gorila mwingine anayejulikana aliyefikia umri huo. Huyo wa miaka 9 mwambie ahesabu, Fatou amemzidi bibi yake au hakumzidi?

Na tafadhali, msijaribu bustani zote mbili siku moja. Najua mtu atakwambia inawezekana. Inawezekana, ndiyo, ila jioni mtarudi hotelini hamsemeshani.

Shangazi, mimi naishi Marzahn hapa hapa Berlin. Watoto watatu, mshahara mmoja. Kila mtu anasifia Zoo. Hiyo Tierpark ni ya watu waliokosa? (Baba Watatu)

Hata kidogo. Ningekuwa jirani yako ningekwenda Tierpark mara kumi kabla sijaikumbuka Zoo.

Ukubwa niliomtishia nao mama wa Hannover, kwako ni neema. Mgeni wa siku moja anataka kuona vyote. Wewe huna shida hiyo: leo mnatazama dubu na ngamia tu, mnakaa kwenye nyasi mnakula, watoto wanakimbia mpaka wachoke, mnarudi nyumbani. Twiga wapo Jumamosi ijayo pia. Kiingilio cha Tierpark ni nafuu kuliko cha Zoo, na kote kuwili watoto ambao hawajafikisha miaka 4 hawalipi. Kwa mkazi wa Berlin, tiketi ya mwaka ndiyo yenye hesabu. Piga gharama ya kwenda mara kadhaa kwa tiketi za siku, utaona mwenyewe. Kama familia inapokea msaada wa serikali, chukua karatasi zako uulize punguzo dirishani. Usione haya, ndivyo utaratibu ulivyowekwa.

Tierpark ina vitu ambavyo Zoo haina nafasi navyo. Kuna mlima uliotengenezwa kwa mfano wa Himalaya, na watoto hupenda kuupanda kumtafuta chui wa theluji. Mwambie mkubwa wako kwamba chini ya kilima kile kuna vifusi vya nyumba zilizobomolewa na vita, atapanda kwa adabu zaidi. Kuna dubu weupe wa ncha ya kaskazini. Kuna jumba la Alfred Brehm, la mwaka 1963, lililokarabatiwa na kufunguliwa tena 2020, lenye joto na unyevu wa msitu wa mvua, na chui wakubwa wa Asia ndani yake. Katikati ya yote kuna kasri la zamani la Friedrichsfelde, kwa wale wanaopenda kupiga picha za kutuma nyumbani.

Na usafiri: treni ya chini ya ardhi U5, shuka kituo kinachoitwa Tierpark. Wanaotoka stesheni kuu ya Hauptbahnhof nao wanapanda U5 hiyo hiyo moja kwa moja tangu Desemba 2020, hakuna kubadilisha.

Panda wako wapi? Binti yangu hataki kusikia kingine.

Zoo. Wazazi, Meng Meng na Jiao Qing, waliletwa kutoka China mwaka 2017, na wao wenyewe ni wa kuazimwa, si mali ya Wajerumani. Watoto wao wa kwanza, mapacha Pit na Paule, walizaliwa 2019 na wakarudishwa China mwishoni mwa 2023. Mapacha wengine, wa kike, Leni na Lotti, wakazaliwa Agosti 2024. Kwa hiyo kama mapacha ndio kiini cha safari, tazama kwanza kama bado wapo, maana mwisho wao pia ni kurudi China. Tierpark wana panda wekundu, wadogo kiasi cha paka mkubwa. Wazuri sana, lakini mtoto aliyeahidiwa panda mweusi na mweupe hatakubali mbadala.

Mji mmoja una bustani mbili kwa nini? Hamburg tunayo moja tu.

Kwa sababu mji huo uliwahi kuwa miji miwili. Zoo ilifunguliwa 1844, ya kwanza katika Ujerumani. Vita vya pili vya dunia vikaikuta katikati ya mabomu, na kati ya wanyama zaidi ya 3,700, waliobaki hai ni 91 tu. Mmoja alikuwa kiboko dume, Knautschke, aliyezaliwa vita vikiwa vimepamba moto. Akaishi hadi 1988, na watu wa Berlin walimpenda kama mzee wa mtaa.

Berlin ilipogawanywa, Zoo ikaangukia upande wa magharibi. Wa mashariki wakataka yao, wakaianzisha katika bustani ya lile kasri la Friedrichsfelde, wakazi wakijitolea kuchimba na kubeba. Ikafunguliwa Julai 1955 chini ya Heinrich Dathe, aliyeiongoza mpaka 1990. Hapo katikati ukajengwa ukuta, 1961, na mashindano yakakolea: huyu ana hiki, na yule lazima awe nacho. Ukuta ukaanguka, mji ukaunganishwa, na wako waliouliza pesa ya kulisha bustani mbili itatoka wapi. Zote mbili zikabaki. Leo zina mkurugenzi mmoja, Andreas Knieriem, tangu 2014. Tiketi lakini ni mbili. Ya huku haikuingizi kule.

Shangazi, mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa saba. Magoti yanamsumbua, na hapendi kuambiwa kwamba yanamsumbua.

Mpeleke Zoo, umwambie mnakwenda kwa ajili ya watoto. Njia ni fupi, mabenchi ni mengi, na kila baada ya hatua chache kuna jumba la kuingia na kukaa. Bustani zote mbili zina mikokoteni midogo ya kukodi ya kuwabebea watoto. Ichukue hata kama watoto ni wakubwa, ibebe mikoba na maji, maana mama mkwe akiona mkoba wako umekulemea ataupokea yeye.

Akitaka Tierpark kwa sababu ametajiwa na mtu, kuna kigari cha abiria kinachozunguka ndani, wanakiita treni ingawa hakina reli. Mnakilipia mbali na kiingilio. Ulizeni mlangoni kama kinafanya kazi siku hiyo kabla hamjaingia ndani sana.

Na jambo moja ambalo hukuniuliza. Mtu aliyezaliwa Tanga hakuja Ulaya kumwona pundamilia. Mwonyeshe panda, penguini, na mkifika Tierpark, dubu mweupe. Hao ndio atakaowasimulia akirudi.

Chakula je? Sisi ni Waislamu.

Bebeni chenu. Bustani zote zinaruhusu kuingia na chakula na kukaa kula. Soseji za vibandani nyingi ni za nguruwe, na foleni ya chipsi saa saba mchana ni mtihani wa imani. Chapati, mayai ya kuchemsha, kachori, maji ya kutosha. Mmeshiba na mmeokoa pesa ya kuingia Aquarium, jumba la samaki la Zoo.

Tembo wako wapi?

Zoo, nao ni wa Asia, wenye masikio madogo. Tierpark walikuwa nao pia, ila jumba lao kubwa limekuwa katika ujenzi mrefu, kwa hiyo usimwahidi mtoto tembo wa Tierpark bila kuangalia kwanza.

Nimesoma kwamba zamani watu weusi walionyeshwa katika bustani za wanyama za Ujerumani. Mume wangu anasema tusikanyage. Wewe unasemaje? (Mama, Potsdam)

Ulichosoma ni kweli, na mume wako hajakosea kukasirika.

Kuanzia miaka ya 1870, bustani za wanyama za Ulaya, Zoo ya Berlin ikiwamo, zilileta watu kutoka nchi za mbali wakakaa ndani ya uzio, wakapika, wakacheza ngoma, na wenyeji wakalipa kiingilio kuwatazama. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow, yalifanyika maonyesho makubwa ya makoloni, na watu zaidi ya 100 waliletwa, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Waliahidiwa kazi na malipo, na wengi hawakujua wanakwenda kuwa maonyesho.

Mfanyabiashara maarufu wa biashara hiyo alikuwa Carl Hagenbeck wa Hamburg, aliyeuza wanyama na kuonyesha watu. Alipanga kufungua bustani ya wanyama na ya watu katika mtaa wa Wedding, Berlin. Akafa 1913, mwaka uliofuata vita vikazuka, mpango ukafa naye. Majina ya barabara yakabaki: Togostraße, Kameruner Straße, Sansibarstraße. Ndio unaoitwa mtaa wa Kiafrika hadi leo. Mojawapo ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye watu wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka mingi ya watu kudai, mwaka 2024 jina lake liliondolewa, na sehemu ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Sasa, mwende au msiende? Mimi nasema mwende, lakini mkiwa mnajua mnapoingia. Ndani ya Zoo, katika jumba la swala, kuna maonyesho yanayoeleza historia yake yenyewe, pamoja na jinsi Wayahudi waliokuwa na hisa walivyonyang'anywa wakati wa Wanazi. Wengi hulipita wakimkimbilia panda. Ukiwa na mtoto wa miaka 10 au zaidi, simameni pale. Wa miaka 5 mwache aone twiga. Hilo lingine litamngoja.

Kama kinachomuuma mume wako ni mnyama mwenyewe kufungiwa, hapo Tierpark ina nafuu, kwa sababu nafasi ni kubwa na uzio mwingi ni mtaro tu. Kama kinachomuuma ni hao watu, basi siku hiyo pandeni U6 mshuke Afrikanische Straße, mtembee mpaka Maji-Maji-Allee na watoto. Hakuna kiingilio.

Mvua ikinyesha siku nzima, Shangazi?

Mwende Zoo na Aquarium iliyo ubavuni mwake. Ni jengo la ghorofa tatu lililofunguliwa 1913: papa, yavuyavu, na ukumbi wa mamba wenye joto la nyumbani kabisa. Tiketi yake ni mbali, au mnunue ya pamoja, na kununua mtandaoni mapema mara nyingi huwaondolea foleni. Tierpark kwenye mvua mtaishia kujibanza katika majumba mawili matatu, mkikimbia kutoka moja hadi jingine.

Lakini mvua ikiwa ya kutisha, achaneni na wanyama walio hai. Makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, iko barabara ya Invalidenstraße, na kituo chake kipo kwenye U6. Ukiingia ukumbi wa kwanza utamkuta dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, mrefu kuliko dinosaria wote waliosimamishwa mifupa yao duniani. Alitoka Tendaguru, Lindi. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na vibarua wetu, msimamizi wao mmoja akiitwa Boheti bin Amrani, ikabebwa kichwani na begani siku kadhaa mpaka bandarini. Kama mama mkwe wa Tanga yumo kwenye msafara, mpeni kiti mbele ya mnyama huyo, mumsomee jina la Lindi, kisha mjiandae kwa maswali yake kuhusu lini atarudishwa.