Kizimkazi si pomboo tu

Wengi hudhani Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, Zanzibar, ni mahali pa kutazama pomboo tu. Hapana ndugu yangu, si pomboo tu. Kabla hujapanda boti, pita kwanza msikiti wa Dimbani, hapo hapo Kizimkazi. Kwa nje utauona wa kawaida, na paa lake la bati. Ingia utazame mihrabu, sehemu ya ukuta inayoonyesha kibla: maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, na watu wanasali humo mpaka leo, kwa hiyo omba ruhusa, vaa nguo za stara.

Wenyeji bado ni wavuvi, ila siku hizi wengi hupeleka wageni baharini. Mwombe nahodha asiwafukuze pomboo. Boti zikiwazonga hawapati kupumzika.