Walimu mnaokuja Dubai, majibu ya wiki hii

Ajira za Agosti zimeshaanza kutoka maana meseji zimejaa. Nimechagua chache, na baadhi jamani nishazijibu mpaka nimechoka.

Wakala ananidai dola 1,200 za viza, anasema niingie na viza ya matembezi alafu shule itanibadilishia nikifika. Ni sawa?

Si sawa. Sheria ya kazi ya UAE (Falme za Kiarabu) inasema gharama za kukuajiri ni za mwajiri, viza, kipimo cha afya, kitambulisho cha mkaazi (Emirates ID), vyote, na hata wakikukata kidogo kidogo kwenye mshahara bado ni kosa. Na kufundisha kwa viza ya matembezi ni kosa jingine, ukikamatwa wakala yuko zake Nairobi au Kariakoo anakula hela yako. Shule ya kweli inakuletea ofa unasaini, inakuombea kibali cha kazi, unapanda ndege na entri pemiti, yaani kibali cha kuingia nchini, mkononi. Shule binafsi za Dubai zinasimamiwa na KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai, na majina ya shule hizo yako mtandaoni bure kabisa, dakika mbili tu unatafuta, kama shule yako haimo basi huna kazi, una risiti, tena risiti yenyewe mawakala hawa hawatoi. Na kabla hujauliza: pasipoti unakaa nayo wewe. HR akisema "tunaitunza kwenye sefu" mwambie asante nina kabati.

Mshahara wa dirham 6,500 kwa mwezi unatosha?

Swali hili kila wiki, na kila wiki mnaficha mambo yanayohitajika kulijibu! Nyumba inatolewa au unajipangia? Una watoto? Nauli ya likizo ipo? Na kikubwa, mshahara wa msingi ni ngapi? Wengi mnaona 6,500 mnazidisha kwa shilingi mnaanza kuchora ramani ya nyumba kijijini, kumbe msingi ni 2,500 na iliyobaki ni posho. Kiinua mgongo huku kinapigwa kwa msingi peke yake, mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza, kwa hiyo shule ikibana msingi inakubana siku unaondoka. Niandikie tena ukiwa na mkataba mkononi, sio skrinshoti ya tangazo.

Vyeti vinagongwa mihuri wapi?

Wizara ya Mambo ya Nje kwenu, kisha ubalozi wa UAE, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya huku. Anza leo. Na jina la kwenye digrii lifanane na la kwenye pasipoti, mkishaolewa mnabadilisha upande mmoja alafu mnalia.

Shule inatoa posho ya nyumba, nikapange wapi? Sharjah, emirati ya jirani, nasikia ni nafuu.

Ni nafuu kweli, lakini foleni ya barabara ya Al Ittihad ya kuingia Dubai asubuhi usiombe, na mwalimu anatakiwa getini kabla ya wanafunzi. Ukikaa Sharjah na shule iko Al Barsha, huku Dubai, utakuwa unaamka saa kumi alfajiri kama muuza samaki wa Feri. Mimi ningetafuta karibu na metro au karibu na shule, hata kama ni chumba cha kushea.

Sasa kodi. Hulipi mwezi kwa mwezi kama ulivyozoea, mwenye nyumba anataka cheki za mwaka mzima zenye tarehe za mbele, moja, mbili, nne, inategemea mlivyoelewana, na cheki zikiwa chache ndo kodi inakuwa nafuu. Cheki ikidunda ni mahakamani, usiiandike kwa matumaini. Ongeza dalali, mara nyingi asilimia 5, na dipoziti ya umeme na maji DEWA, dirham 2,000 kwa fleti. Mgeni asiye na akaunti ya benki hela hiyo anaitoa wapi? Ndo maana kabla ya kusaini kazi unaomba shule ikukopeshe posho ya miezi kadhaa mbele, nyingi zinakubali ila hazitangazi. Na mkataba wa nyumba usajiliwe Ejari, mfumo rasmi wa Dubai wa kusajili mikataba ya kupanga. Patisheni, vile vyumba vya kugawanywa kwa mbao, mnazokodishwa mtaa wa Deira kwa mdomo hazina Ejari, manispaa wakipita mnatolewa na masanduku yenu.

Twisheni ya jioni ruksa?

Tangu mwisho wa 2023 kuna kibali cha kufundisha binafsi, ni bure na kinadumu miaka 2. Chukua kibali. Bila kibali acha, na usitangaze kwenye magrupu ya wazazi. Tukiwa hapo hapo kwenye magrupu: kuchangisha hela mtandaoni bila leseni huku ni kosa, hivyo ile tabia ya kurusha namba "tumchangie mwenzetu" kila mahali iacheni uwanja wa ndege. Na picha za wanafunzi kwenye status yako, futa sasa hivi.

Wikendi ni Ijumaa?

Ilikuwa. Tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa nusu siku.

Nikiona kazi mbaya naweza kuondoka tu?

Muda wa majaribio kazini hauzidi miezi 6. Ukirudi kwenu ndani ya muda huo unatoa notisi ya siku 14, ukihamia mwajiri mwingine humu humu ni mwezi mzima, kwa maandishi. Usitoroke usiku, utaripotiwa mtoro na viza ijayo itakusumbua.