Mwanangu, u-De Souza wetu umetoka wapi

Mwanangu mpendwa,

Huku Mombasa hatujambo. Umeniuliza kama sisi ni kizazi cha Wareno wa Fort Jesus, na kama yule Souza wa Brazil unayekaa naye nyumba moja huko Lisbon ni ndugu yako kama anavyodai. Wareno wa ngome si wetu. Huyo Mbrazili muite ndugu ukipenda, ila msiende kutafuta babu mmoja.

Ngome ilianza kujengwa 1593, na Waomani wakawatoa Wareno 1698. Babu yake babako alishuka hapa karne mbili baadaye, enzi za reli ya Uganda, kwa meli iliyotoka Bombay. Alikuwa fundi cherehani, Mgoa wa Bardez, huko Goa, pwani ya India, nyumbani kwao wakisema Kikonkani.

Goa ilitekwa na Afonso de Albuquerque mwaka 1510. Wenyeji waliobatizwa walichukua jina la msimamizi wao wa ubatizo au la padri, na pengine la mkubwa fulani wa Kireno. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutoka kanisani na majina mawili tofauti. Ndiyo maana Goa imejaa akina De Souza, Fernandes na Pereira ambao wengi wao asili yao ni Wahindi watupu. Hata hapa Mombasa tulikuwa na mfalme wa namna hiyo: Yusuf bin Hasan alichukuliwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliiteka ngome, akamuua kapteni wa Kireno na kurudi kwenye Uislamu. Sasa huyo naye utasema alikuwa Mreno?

Jina lenyewe ni la mto. Upo mto Sousa kaskazini ya Ureno, unapita Penafiel na Paredes kabla ya kuingia Douro karibu na Porto. Mabwana wa bonde lile walijiita kwa jina lake. Katika karne ya 13 wanaume wa ukoo walikwisha, mabinti wakaolewa na wana wa nje wa mfalme Afonso III, na watoto wao wakashika jina la upande wa mama. Hili babako hapendi nilitaje, lakini bila wanawake wale jina lingezikwa zamani.

Brazil ndiko waliko wengi kuliko kokote. Gavana mkuu wa kwanza wa huko alikuwa Tomé de Sousa, aliyeanzisha mji wa Salvador mwaka 1549, ila yeye hakuwazaa wote hao. Watumwa kutoka Afrika walibatizwa, na wengi walibaki na majina ya mabwana zao hata baada ya utumwa kufutwa 1888. Halafu kuna wa Benin. Francisco Félix de Souza, mzaliwa wa Brazil, aliuza watu pale Ouidah mpaka akafa 1849, akaacha watoto chungu nzima. Wajukuu zake ni Waafrika kama wewe, na mmoja wa ukoo ule, Paul-Émile de Souza, aliwahi kuwa rais wa nchi. Wa Kenya unamjua, Fitz de Souza, wakili wa akina Kenyatta kwenye kesi ya Kapenguria, baadaye naibu spika. Huyo pia si wetu, ingawa babu yako hakukanusha watu walipomuuliza.

Umesema ofisini wanataka kuandika jina la mtoto kwa s. Wareno walibadili maandishi yao 1911, tangu hapo kwao ni Sousa. Goa na Brazil wengi walibaki na z. Usikubali. Cheti chako kina z, cha babako kina z, pasipoti pia. Ukiacha herufi moja ipishane, siku ya kuomba pasipoti ya mtoto utazungushwa dirisha hadi dirisha. Peleka cheti cha kuzaliwa chenye mhuri. Nimekwisha kukitoa kabatini, nitamtumia mjomba wako akija mwezi ujao.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako