Jibu: umeuliza nchi iliyokuwepo kwenye kura lakini haikuchagua upande (kwa Kiingereza "abstain") tuiandikeje kwa Kiswahili. "Ilijizuia kutopiga kura" ni sahihi?

Hapana, mkuu, hapo umekanusha mara mbili. Kujizuia tayari ni kukana. Ukiongeza "kuto-" unasema ilijizuia isikae bila kupiga kura, yaani ilipiga! Andika "ilijizuia kupiga kura", basi.

Chukua mfano ulioutoa, kura ya azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Ukraine, Machi 2, 2022: nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia, Tanzania, Uganda na Burundi zikiwemo. Kenya iliunga mkono. Zile 12 zilizobaki hazikujizuia, hazikupiga kura kabisa. Ndiyo maana "haikupiga kura" peke yake inanitia shaka: msomaji hajui kama mjumbe alikuwepo ukumbini au la. (Mimi hupenda "haikuegemea upande wowote", ila ni ndefu kwa kichwa cha habari.)

"Kususia" ni jambo jingine, lina mgomo ndani yake. CUF, chama cha upinzani, walisusia uchaguzi wa marudio Zanzibar, Machi 2016. Hakuna aliyesema walijizuia. Na jirani yangu aliyelala hadi jioni siku ya kura? Huyo hakwenda tu.